Darasa la Uchumba la Makina

Alhamisi, 2 Juni 1938

Nimepata kazi. Si ya mshahara, ni ya heshima.

Wazee wa Makina, mtaa wetu hapa Kibra, walikaa leo baada ya alasiri kuzungumzia vijana. Malalamiko ni yale yale. Wavulana wanashinda mtoni. Wanawapigia wasichana miluzi, wanawarushia vijiwe, na msichana akigeuka wanatoka mbio. Mzee mmoja alitaka viboko. Mwingine alisema waozwe wote upesi, watulie. Ndipo Sitelbanat, aliyekuwa analeta chai, akasema hata kabla hajaweka sinia chini kwamba vijana hawana kosa. Mtu hupiga mluzi kwa sababu hana maneno. Akauliza ni nani kati ya wanaume wale amewahi kumfundisha mwanawe namna ya kumwambia mtu kwamba anampenda, na namna ya kusimama na neno lake baadaye.

Wazee wakatazama vikombe.

Nikasimama. Nikasema nitawafundisha mimi.

Fadlalla mchinjaji alicheka mpaka akapaliwa. Akauliza nitafundisha kwa ujuzi wa ndoa yangu ipi. Nikamjibu kwamba daktari wa ng'ombe si ng'ombe. Sidhani alielewa.

Hapa niandike ukweli, maana hakuna mwingine asomaye. Sitelbanat ni mjane, mwaka wa tatu sasa. Nilimpenda kabla sijaingia Keya, jeshi la Mwingereza. Siku kikosi chetu kinaondoka kwenda kupigana na Mjerumani, nilimtazama kwa namna ya pekee sana. Niliporudi nikakuta ameolewa. Mpaka leo sielewi ilikuwaje. Safari hii simwachi. Ataniona nikiwafundisha vijana mambo ya moyo, naye atajua moyo wenyewe unaelekea wapi.

Jumapili, 5 Juni

Darasa limefunguliwa kwenye baraza ya dada yangu Mabruka, ninayeishi uani kwake. Wamekuja vijana wengi kuliko nilivyotarajia. Mabruka anasema ni kwa sababu alikuwa anakaanga mandazi. Mwanawe Nasir, kijana wa miaka kumi na minane, alikaa mbele kabisa. Najua ana neno moyoni kuhusu Zeinabu, binti wa Ishmael fundi wa viatu, wa rika lake. Huyu ndiye atakuwa mfano wangu.

Somo la kwanza: macho. Niliwaambia mdomo hudanganya lakini jicho halidanganyi. Mkimpenda msichana, mtazameni kama askari anavyotazama shabaha. Msipepese. Msicheke. Mpaka ajue.

Nasir akauliza, "Mjomba, na kama hataki kutazamwa?"

Nikamwambia maswali ni mwisho wa somo. Halafu mandazi yakaiva, na mwisho haukupatikana.

Sitelbanat alipita na kikapu chake cha ukindu. Alisimama akasikiliza kidogo. Nilikaza sauti. Nimeridhika sana na leo.

Jumatano, 8 Juni

Mambo hayakwenda sawa mtoni.

Vijana walijipanga ukingoni, kila mmoja na shabaha yake, wakakodoa macho. Baridi ya Juni na ule ukungu vikawatoa machozi. Wasichana wengine waliacha mitungi yao wakakimbia. Wengine walirudi nyumbani kusema kwamba kuna ugonjwa wa macho umeingia Kibra. Mabruka, asiyejua somo lilikuwa nini, akachemsha maji ya chumvi akawakamata wanafunzi wangu mmoja mmoja na kuwaosha. Nilipotokea kueleza aliniosha na mimi.

Zeinabu yeye hakukimbia. Alimwendea Nasir akamwambia kwamba akitazamwa vile anajiona kama mbuzi siku ya mnada. Nasir alirudi nyumbani. Aliniambia nusu ya mji imesikia, lakini hilo halimuumi. Kinachomuuma ni kwamba Zeinabu alisema kweli.

Jioni Ishmael alikuja na nyundo yake ya viatu mkononi. Alisema ameisahau tu mkononi. Nilimwahidi hakutakuwa tena na somo la macho. Fadlalla sasa ananiita Mwalimu Kodo.

Sitelbanat naye alipita. Aliniambia kwa upole kwamba macho ni mazuri, Abdelkarim, lakini mtu amepewa na mdomo. Kisha akasimama kidogo kama anayengoja kitu. Nikamwahidi nitalifikisha hilo kwa vijana. Akaenda zake.

Kasoro nimeiona. Vijana walipepesa.

Jumamosi, 11 Juni

Nimekwenda Kawangware kwa miguu kumpeleleza Gerishon.

Gerishon ni mwalimu wa dini kwa Wakristo wa huko, ana shamba zuri na suti ya kijivu. Wazee wetu hawaachi kumtaja. Wanasema vijana wake wanajua kuzungumza na wasichana kama watu. Jambo hilo limenikera. Nikasema niende nione anawapa nini.

Nilisimama nyuma ya mgomba, nje ya dirisha. Ndani vijana wa kiume na wa kike wamekaa pamoja. Gerishon anafundisha, na mkewe Wamucii amekaa kando yake akishona. Gerishon alisema kwamba alipomposa Wamucii aliongea kwa ujasiri mkubwa. Wamucii, bila kuinua kichwa, akasema aliongea akitetemeka, na aliongea na mlango. Darasa likacheka. Gerishon naye akacheka, akakubali, akasema ni kweli, alitetemeka, lakini alisema, na kesho yake alirudi kama alivyoahidi. Msichana mmoja akauliza kama mtu anaweza kumpenda mtu kisha asitake ndoa bado. Wamucii akajibu ndiyo, na ni heshima kumwambia mwenzako hivyo mapema kuliko kumwacha akihesabu mawingu. Kijana akauliza afanye nini akikataliwa. Gerishon akasema, "Unasema asante, unakwenda nyumbani, unalima."

Mgomba si kichaka kizuri. Walinikuta. Hawakunikasirikia. Wamucii alinipa uji na viazi vitamu, na Gerishon akaniuliza darasa langu linaendeleaje. Nikasema vizuri mno. Akaniuliza kama nina mchumba. Nikasema ni jambo la kijeshi, halisemwi. Akasema, "Bwana Abdelkarim, muulize tu huyo mama."

Sikumtajia mama yeyote. Lazima ana wapelelezi.

Njiani nimewaza sana. Siri ya Gerishon nimeigundua. Ni ubao. Mtu akiwa na ubao watu humwamini. Nitatafuta ubao.

Jumanne, 14 Juni

Ubao umepatikana. Ni mlango wa zamani wa banda la kuku la Mabruka. Kuku wamehamia chumbani kwangu kwa muda.

Somo la pili: matendo. Niliandika neno hilo kwa mkaa, herufi kubwa. Niliwaambia vijana kwamba mapenzi ya kweli hayasemwi, hufanywa, tena kwa siri. Atakayetangaza wema wake ameshauharibu. Nasir akauliza yule anayetendewa atajuaje ni nani. Nikasema moyo utamwambia. Akauliza, na moyo ukimwambia mtu mwingine? Kijana huyu ana ubishi wa mama yake.

Mwalimu mwema huonyesha njia. Leo alfajiri niliingia msituni, nikakata kuni kavu, nikazifunga vizuri kwa mtindo wa Keya, nikaziweka mlangoni kwa Sitelbanat. Kisha nikajificha nyuma ya ua. Alitoka, akaziona, akatazama huku na huku. Akatabasamu. Sijaliona tabasamu lile tangu tukiwa vijana.

Nilitaka kutoka. Miguu ilikataa. Ni vizuri ilikataa, ingeharibu somo.

Ijumaa, 17 Juni

Kuna dhuluma imefanyika.

Kila alfajiri nimepeleka kuni. Mgongo wangu umepinda. Leo nikiwa nyuma ya ua nikamwona Fadlalla anapita kwenda machinjioni kama kawaida yake. Sitelbanat alikuwa mlangoni. Akamwita, akamshukuru kwa kuni. Fadlalla akatazama kuni. Akamtazama Sitelbanat. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Si kitu." Akapewa kisra ya moto, mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa jana.

Nimebeba mimi, amekula yeye. Harufu ya mchuzi ilinifikia pale pale uani.

Nilirudi nikamweleza Mabruka. Yeye alikuwa anapepeta mchele. Alisema, "Ondoka sasa hivi, nenda ukamwambie zile kuni ni zako na wewe ni wake. Utamaliza kabla sijamaliza ungo huu." Nikamkumbusha kwamba ninafundisha vijana kinyume cha hilo. Siwezi kuvunja somo langu mwenyewe, nitakuwa mnafiki. Akaweka ungo chini akanitazama kwa muda mrefu. Alisema mama yetu alimwachia wosia wa kunitunza, lakini hakumwambia ni kazi ya namna hii.

Nimeamua. Kesho nitapeleka mzigo mkubwa mara mbili. Mzigo ambao mtu mvivu kama Fadlalla hawezi kuubeba. Sitelbanat atapiga hesabu mwenyewe.

Jumamosi, 18 Juni

Nimeanguka mtaroni na mzigo. Nimelala kifudifudi siku nzima. Mabruka ananikanda kwa mafuta ya simsim. Kuku wananipanda mgongoni, na sina nguvu ya kuwafukuza.

Nasir alikaa nami kidogo. Aliniambia ana wazo lake, tofauti na somo. Nikamwambia mwanafunzi hana mawazo mpaka amalize darasa. Akasema sawa, mjomba. Akachana nywele, akavaa kanzu safi, akatoka. Sikumuuliza anakwenda wapi.

Kesho wazee watakuja kupima darasa langu. Gerishon amealikwa na vijana wake wa Kawangware. Sitelbanat naye atakuwepo. Nitasimama hata kama ni kwa fimbo.

Jumapili, 19 Juni

Nimesimama kwa fimbo.

Watu walijaa uani kwa Mabruka. Wazee mbele, Gerishon na Wamucii kando, wanawake upande wa jikoni. Nilisema maneno ya ufunguzi kuhusu macho na matendo. Kisha nikamwita mwanafunzi wangu bora aonyeshe alichojifunza. Nilitarajia shairi nililomfundisha kuhusu shabaha.

Nasir hakutoa shairi. Alisema ataeleza jambo alilolifanya jana, na kwamba Zeinabu amempa ruhusa alieleze. Mgongo wangu ukaanza kuuma upya.

Alisema alikwenda kwa Ishmael mchana kweupe akaomba kuzungumza na Zeinabu mbele ya bibi yake. Akaruhusiwa. Kwanza akamwomba radhi kwa ile siku ya mtoni. Halafu akamwambia kwamba anapenda anavyocheka, na anavyowajibu wakubwa bila woga na bila ufedhuli. Akamwambia hana haraka, ila akisema atakuja atakuja, na akikosa atasema amekosa. Akamuuliza yeye anaonaje.

"Akaniambia hapana," Nasir alisema. "Alisema ananiona kama ndugu yake, na hataki kunidanganya. Nikamshukuru kwa kunijibu. Inauma. Lakini hatanikuta mlangoni kwao, na mtoni sitampigia mluzi. Ni hayo tu."

Akakaa.

Nilitaka kujificha nyuma ya ubao. Mwanafunzi wangu bora amekataliwa, tena anatangaza mbele ya Kawangware nzima.

Kisha Zeinabu akasimama katikati ya wanawake. Alisema ni kweli yote. Alisema siku za nyuma alikuwa akipita kijana yeyote anainama, kwa sababu hajui kitakachorushwa. Jana ni mara ya kwanza kijana kumuuliza yeye anaonaje na kisha kungoja jibu. Mzee aliyetaka viboko alitoa leso akafuta pua. Ishmael alimwendea Nasir akamshika bega. Gerishon akasema mbele ya watu wote kwamba amefundisha miaka mingi na hajawahi kupata kijana wa namna hii.

Nilidhani ananisimanga.

Watu walipokuwa wanakunywa chai, Sitelbanat alinijia pale kwenye ua. Alisema mpwa wangu ana moyo mkubwa. Nikakubali, ingawa matokeo ni mabaya. Akajifunga shuka vizuri. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, Abdelkarim? Huna la kusema?"

Nilikuwa nalo. Lilikuja mpaka kooni, nikalisikia pale kama mfupa. Nikafungua mdomo. Nikamweleza makosa ya Nasir. Kwamba aliharakisha, kwamba alisema kila kitu bila kubakiza akiba, kwamba bibi hakupaswa kuwepo. Nilieleza kwa utaratibu mzuri.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema baridi imeanza kuingia, akaenda.

Nadhani alipendezwa.

Alhamisi, 23 Juni

Sitelbanat anaolewa na Fadlalla.

Mabruka aliniletea habari asubuhi. Alizisema taratibu, kama mtu anayeweka chungu cha moto chini. Nikamwambia haiwezekani. Akasema mwenyewe yuko nje.

Sitelbanat hakutaka kuketi. Alisema ametaka nisikie kutoka kwake, si sokoni. Fadlalla alimwendea Jumamosi jioni. Alikaa, akavua kofia, akamwambia zile kuni si zake, ni za Abdelkarim, na kwamba ameona aibu tangu siku aliyokula kisra ya mwenzake. Halafu akamwambia yeye kuni hana, ila anampenda, na angependa kuzeeka naye kama atamkubali. Sitelbanat hakumjibu siku ile. Alimwambia angoje.

"Nilitaka kwanza nije hapa Jumapili," alisema.

Nikamwambia nilidhani ameshanielewa. Ya kuni, ya siku ile ya kikosi, yote.

"Nilielewa," akasema. "Tangu nikiwa msichana nilielewa. Lakini kuelewa si kuambiwa, Abdelkarim. Siwezi kujibu swali ambalo sikuulizwa."

Nilitazama vidole vyake, vina alama za kusuka ukindu. Aliniambia mimi ni mtu mwema na kwamba hana kinyongo. Alisema nisibebe tena mizigo mikubwa, nitajiumiza. Nikamtakia heri. Hilo nililisema kwa mdomo, na alilisikia.

Leo sikula. Mabruka aliwaondoa kuku chumbani bila kuniambia chochote.

Jumapili, 3 Julai

Nimetoka kwenye arusi. Nimepata nguvu.

Ilikuwa arusi nzuri, lazima niseme. Fadlalla alichinja mwenyewe, na kawa za ukindu za Sitelbanat zilifunika kila sinia. Fadlalla alinikumbatia mbele ya watu. Alinuka nyama na marashi. Sikumchukia kama nilivyopanga.

Wazee wametangaza kwamba darasa litaendelea. Litafundishwa na Sitelbanat na Wamucii, na Nasir atawasaidia. Wavulana na wasichana pamoja. Zeinabu ameandikishwa. Mimi nimeombwa kupanga viti. Nimekubali, maana bila viti hakuna elimu.

Nimetafakari kisa chote tangu mwanzo kwa makini, na sasa najua kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwangu. Nilikuwa dhahiri kupita kiasi. Mwanamke akiona kuni kila alfajiri anachoka kuwaza. Safari ijayo nitatumia ishara ndogo zaidi.

Na safari ijayo imeshaanza. Kwenye arusi alikuwepo mgeni kutoka Bombo kule Uganda, Bakhita, binamu wa bwana arusi, mjane, mtu wa kucheka. Tulikuwa karibu na sufuria la pilau. Alinitazama wazi wazi akaniuliza jina langu. Kisha akaniuliza kama nina mke. Kama hivyo tu, sahani mkononi.

Sikujibu. Nilitazama mbali, kuelekea msitu wa Ngong, ili ajue kwamba mimi ni mtu wa kina.

Akauliza tena, safari hii kwa sauti, akidhani pengine sisikii vizuri. Nikatabasamu upande mmoja wa mdomo. Alingoja kidogo, halafu akaongeza nyama kwenye sahani yake akaenda kukaa na wanawake wengine. Mabruka, aliyeona yote, aliketi chini ghafla akaomba maji.

Ataendelea kuniwaza usiku kucha. Kesho nitapita mbele ya nyumba aliyofikia, nikikohoa kidogo, na sitageuka.